Mtani Kaburini

Ndalahwa alikufa Alhamisi, na ahadi yake ilikuwa ya Jumapili. Hata kwa kufa, mtu yule alimkwepa mwenzake.

Luhende alizipata habari hizo stendi ya Nyegezi, begi hata hajalishusha begani. Alikuwa amepanda basi Nzega alfajiri, amevaa koti lake la harusi na viatu vilivyopakwa rangi mpaka vikasahau rangi yao ya zamani. Binti yake Gladness alikuwa amekuja kumpokea, na alipomwona tu na kanga ya msiba kiunoni, mzee akajua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sema upesi."

"Mzee Ndalahwa amefariki jana. Wanazika kesho, kwake Kisesa."

Jamani, mtu akifiwa na rafiki hulia. Luhende hakulia. Alitukana. Neno lenyewe siwezi kulirudia mbele ya watu wazima wenzangu, ila mama mmoja aliyekuwa akiuza machungwa pale aligeuka akasema, "Heee! Mzee, na mvi zote hizo!"

"Mvi hazikunikataza kuuzwa, mama," Luhende akamjibu, akakaa juu ya begi lake.

Wiki iliyotangulia Ndalahwa alikuwa amempigia simu. Alimtafuta kwanza Gladness kwenye kiwanda cha samaki anakofanya kazi, akaomba namba ya baba yake. Sauti yake ilikuwa imekwisha, inakwaruza, lakini Luhende aliitambua mara moja, maana ndiyo sauti aliyoitii ujana wake wote.

"Mtani," sauti ilisema, "mimi naondoka. Njoo Jumapili. Nitawaita watu wote wa Igogo, nitawaita na wanangu, niseme mbele yao kwamba hukuwa jasusi. Nilikuuza. Niliogopa vita. Kamanda wa mgambo aliniambia nikimpa jasusi nitabaki nyumbani, nami sikuwa na jasusi, nilikuwa na wewe tu."

Luhende alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alitaka kumtukana, akashindwa. Alisema tu, "Nitakuja. Usife kabla."

Sasa ndiyo hivyo.

Usinidharaulie jambo hili ukasema la zamani limepita. Lingekuwa limepita, Gladness asingeitwa mtoto wa jasusi. Aliletewa posa na familia moja yenye asili ya Igogo, mtaa ule wa Mwanza alikouzwa baba yake. Wajomba wakauliza baba wa binti ni nani, wakaambiwa, na posa ikarudishwa. Huyo ndiye binti pekee wa Luhende. Mama yake amekwisha kufa, na Luhende mwenyewe anakohoa kikohozi kisichosikia dawa. Alichokuwa akikitaka kabla naye hajafa ni kitu kimoja: watu wa Igogo wasikie, kwa kinywa kinachojua, kwamba hakuwa jasusi. Hakutaka fidia wala pole.

Nikurudishe nyuma kidogo, uone walivyokuwa.

Palikuwa na sarakasi ya Bwana Hasham, Mhindi wa Mwanza, mfanyabiashara wa pamba aliyependa sarakasi kuliko pamba, na ndiyo maana pamba ilimshinda. Ilikuwa na lori moja na turubai moja lenye viraka. Walizunguka nayo mwambao mzima wa ziwa, Magu, Nassa, Sengerema, kila penye gulio. Odeta, msichana wa Ukerewe, alitembea juu ya kamba akiwa na ndoo ya maji kichwani. Ndalahwa, Msukuma wa Magu, kifua kama mlango wa ghala, alisimamisha mti mrefu begani. Na Luhende, Mnyamwezi mwembamba wa Nzega, alikwea mti ule mpaka ncha, akageuka kichwa chini miguu juu, akakaa hivyo watu wakifumba macho.

Kazi ile ina sheria. Aliye juu hatazami chini. Akitazama, mwili unaogopa, na mwili ukiogopa mti unayumba. Anasikiliza tu. Ndalahwa akisema "tua," Luhende anaachia, anakuja kinyumenyume hewani, na mikono inamdaka. Hakuwahi kugeuza kichwa kuhakikisha kama mikono ipo. Ungemuuliza kwa nini, angekushangaa.

Chini nako walikuwa na mchezo wao. Msukuma na Mnyamwezi ni watani, hilo halihitaji mwalimu, nao wakaufanya utani kuwa chakula. Ndalahwa akimwita Luhende mwizi, Luhende anajibu, "Ndiyo, nimeiba, na mama yako ndiye aliyenibebea mzigo." Akimwita mchawi, anasema, "Ndiyo, na wewe ndiye fisi wangu, inama nikupande." Sheria ya utani nayo ni moja: hukani. Ukikana umenuna, na ukinuna umeshindwa. Watu walicheka mpaka wakajishika mbavu, kisha ndipo mti ukasimamishwa.

Vita vikaja. Nduli wa Uganda alivuka Kagera, akachinja na kuchoma, na nchi ikaamka. Malori yakachukuliwa kupeleka askari, la Bwana Hasham likiwamo. Yeye akasema kama nchi inalitaka, lichukueni. Kisha akageuka akalia ukutani. Wakaazima mkokoteni wa ng'ombe. Wakatembea na sarakasi yao kwa miguu, turubai juu, Odeta akiwaswaga ng'ombe. Unga haupatikani, sabuni haipatikani, mafuta ya taa ndoto. Kiingilio kikawa mhogo, kibaba cha mtama, kiganja cha dagaa. Jioni wale watatu walikaa kwenye sinia moja, na hakuna aliyewahi kula tonge la mwisho bila kuligawa. Odeta alikuwa akiligawa kwa kidole, na kila mara Ndalahwa akilalamika kwamba Mnyamwezi kapewa kubwa.

Kule Nassa malaria ilimwangusha Ndalahwa. Jitu lile likawa linatetemeka na kumwita mama yake. Hapakuwa na gari, ng'ombe walikuwa hoi. Luhende, aliyekuwa nusu yake kwa uzito, alimfunga mgongoni kwa kanga ya Odeta akambeba mpaka zahanati, akipumzika kila penye kivuli. Alipopata nafuu, Ndalahwa alimshika mkono akasema, "Mtani, siku nikikudondosha, Mungu naye anidondoshe." Maneno makubwa hayo. Mgonjwa husema mengi.

Siri ya Luhende ilikuwa hii, na walioijua ni Ndalahwa na Odeta tu. Baba yake alikuwa amekwenda Uganda kukata miwa, kama Wanyamwezi wengi wa zama zile, na Luhende alizaliwa huko karibu na Jinja. Kiganda alikinyonya pamoja na maziwa. Alirudi kijana, kwa meli, akashuka Mwanza, akakutana na Bwana Hasham. Haikuwa dhambi. Ila wakati ule hata kukohoa Kiganda kulitosha kukuingiza matatani, kwa hiyo wenzake wakamwambia afunge mdomo, naye akafunga.

Machi ile ndege ya adui ikapita juu ya Mwanza ikaangusha mabomu, yakaua swala kisiwani Saanane. Mchana watu waliwatania wale swala, eti mashahidi wa kwanza wa mji. Jua likizama hakuna aliyecheka. Kila mtu akawa anauliza ndege ilijuaje njia, nani aliionyesha, nani mgeni mtaani. Mgambo wakaanza kusaka. Na wakawa wanaandikisha vijana wenye nguvu kwenda kubeba risasi mstari wa mbele, na kifua cha Ndalahwa, unafikiri kingejifichia wapi?

Sarakasi ilikuwa Igogo, kwenye mchanga karibu na maji. Mji mzima ulikuja, maana hofu nayo huchosha, na watu walitaka kucheka hata kidogo. Kamanda wa mgambo alipewa kiti cha mbele. Ndalahwa siku hiyo hakula. Luhende alidhani ni tumbo.

Wakaingia uwanjani. Ndalahwa akamnyooshea kidole.

"Ndugu zangu wa Igogo! Mnamwona huyu Mnyamwezi? Ni jasusi wa Nduli!"

Watu wakacheka, lakini nusu nusu. Sasa tazama mtego ulivyotegwa. Angekuwa ni mtu mwingine, Luhende angekana. Lakini ni mtani wake, uwanjani, mbele ya umati, na utani haukanwi. Akajitutumua, akapiga kifua. "Ndiyo! Ndimi jasusi! Nimetumwa nihesabu kuku wa Wasukuma, na nimekuta kila mmoja ameshaibiwa na Ndalahwa!"

Hapo wakacheka kweli. Ndalahwa akamsogelea, akamnong'oneza, "Wamwagie Kiganda kidogo, mtani. Watakufa kwa kucheka."

Luhende alisita. Hilo alilisema mwenyewe baadaye, kwamba alisita. Lakini sauti ile ndiyo iliyokuwa ikimwambia "tua," na hajawahi kugeuza kichwa. Akafungua mdomo. "Muli mutya, bassebo ne bannyabo!" Akaendelea, akamimina Kiganda safi, kile cha utotoni, kisichosomwa shule, akawauliza hali, akawauliza bei ya kuku.

Hakuna aliyecheka. Kamanda akasimama.

Luhende akamgeukia Ndalahwa, akingoja aseme, "Jamani, ni utani, huyu ni mwenzangu." Ndalahwa alikuwa anatazama mchanga. Wazee walisema: mzaha mzaha hutumbua usaha. Mikono ya kwanza iliyomshika Luhende ilikuwa ya watu waliokuwa wamelipa mihogo kumtazama. Walimpiga kwa marungu, kwa viatu, mama mmoja kwa mwiko. Bega la kulia lilivunjika hapo hapo, na halikurudi tena mahali pake.

Alikaa mahabusu mpaka vita vikaisha na vijana wakarudi wakiimba. Hakupelekwa mahakamani. Asubuhi moja mlango ukafunguliwa akaambiwa nenda. Alikwenda Igogo, mjinga yule, akidhani watampokea. Watoto wakamkimbiza kwa mawe. Sarakasi ilikuwa imekufa, Bwana Hasham amehamia kwa nduguze Nairobi. Ndalahwa hakuwa amekwenda vitani hata hatua moja. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu aliyefichua jasusi, na Odeta alikuwa mkewe. Luhende alimwona kwa mbali akianua nguo. Naye Odeta alimwona. Akaingia ndani na nguo zake.

Haya, twende Kisesa, kesho yake.

Msiba ulikuwa mkubwa, maturubai matatu, spika mbili, sufuria za pilau zisizoingia mlangoni. Koasta zilikuwa zimeleta watu kutoka Igogo, wazee wenye fimbo na wajukuu wenye simu. Luhende alimwacha Gladness chini ya turubai, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, walikokuwa wanawake. Odeta alikuwa amekaa kwenye mkeka, mdogo, amekauka, lakini shingo ile ile ya kubebea ndoo juu ya kamba. Alipomwona akawaambia wenzake wampishe.

"Pole, shemeji," Luhende akasema.

"Nimeshapoa. Karibu. Umezeeka."

"Nyie mmenizeesha. Odeta, alinipigia simu."

"Najua. Mimi ndiye niliyemshikia simu." Akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Alitaka kusema, Luhende. Naapa alitaka. Mungu kamwahi."

"Basi sema wewe. Ulijua tangu lini?"

Odeta akatazama mkeka. "Alinieleza kabla ya harusi."

Luhende alihisi bega lake likiuma, lile la zamani. Alikuwa ameishi miaka yote akijipa moyo kwamba yule dada aliyegawa tonge kwa kidole hakujua, kwamba naye alidanganywa. Kumbe alijua, na akavaa shela, na akazaa, na akaanua nguo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, lakini hawakusema kwamba vikulavyo huweza kuwa viwili.

"Uliniona siku ile," akasema. "Ukaingia ndani."

"Nilikuona. Ningefanya nini? Nilikuwa na mimba ya Chenge." Akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto, na Luhende, mtu wa ajabu, aliuacha. "Sikiliza. Watasoma wasifu wa marehemu. Wakimaliza nitasimama. Nitasema mbele ya wote kwamba hukuwa jasusi. Siwezi kumzika na hilo. Umenisikia? Kaa karibu."

Akamwamini! Mtu aliyedondoshwa mara moja, akapanda tena mti ule ule. Lakini usimcheke, na wewe ungeamini. Ukiwa na kiu ya namna ile, hata maji ya dimbwi unayaona kisima.

Jeneza likatolewa, likawekwa kando ya kaburi, chini kidogo ya nyumba, mahali ambapo ukiinua macho unaliona ziwa kwa mbali. Chenge, mtoto mkubwa wa marehemu, mtu wa tai na miwani, akashika kipaza sauti akasoma. Kuzaliwa Magu. Shule. Sarakasi, na watu wakaguna kwa mshangao, kumbe mzee alikuwa mwanasarakasi. Halafu:

"Wakati wa Vita vya Kagera, marehemu baba yetu alilitumikia taifa kwa namna ya pekee, kwa kumfichua jasusi wa adui aliyekuwa amejificha hapa Mwanza, na hivyo kuokoa maisha ya wengi."

Wakapiga makofi. Msibani! Wazee wa Igogo wakaitikia kwa vichwa, ndiyo, ndiyo, sisi tulikuwapo. Gladness akaangalia chini. Luhende akamtazama Odeta. Wasifu ukaisha. Katekista akauliza kama kuna mwanafamilia mwenye neno. Odeta alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kati ya wanawe, amejifunika kanga mpaka puani. Chenge akamwinamia, akamwuliza kitu. Odeta akatikisa kichwa.

Akatikisa kichwa, jamani. Hakunyanyuka hata kidogo kwenye kile kiti.

Luhende alijua wakilishusha jeneza lile, basi. Hakutakuwa na mkutano mwingine utakaowaleta watu wa Igogo mahali pamoja mbele yake akiwa hai. Na ni nani atakayempa kipaza sauti mzee asiyejulikana, azungumze dhidi ya marehemu? Wangemtoa kwa kwapa. Lakini palikuwa na mlango mmoja, na mlango ule hakuna Msukuma anayeweza kuufunga. Mtani ana haki yake msibani. Mtani anaweza kuzuia jeneza, kumwiga marehemu, kumtukana, kulala kaburini mpaka akombolewe, na hakuna wa kumgusa.

"Hazikwi mtu hapa!" akapiga kelele. Akavua koti la harusi, akampa mtu asiyemjua, na akaruka ndani ya kaburi. Kwa umri ule! Bega likamwambia habari zake, lakini alitua kwa miguu, kama zamani.

Umati ukalipuka. "Mtani! Mtani amefika!" Msiba ulikuwa umepoa kupita kiasi, na hakuna anayependa maziko yasiyo na mtani. Simu zikainuliwa.

"Mimi ni Mnyamwezi!" Luhende alisema kutoka shimoni, kichwa na mabega vikionekana. "Mimi ndiye jasusi aliyesomwa hapo! Luhende wa sarakasi!"

Wazee wa Igogo wakapiga mayowe ya furaha. "Ala! Ni yeye! Ni Luhende mwenyewe!"

"Ndalahwa huyu alikuwa mwoga!" Akaupanua mwili wake mwembamba, akaweka sauti nzito, akatembea kishujaa kutoka pembe moja ya kaburi hadi nyingine, na wallahi ilikuwa ni Ndalahwa mtupu, hata wanawe wakashika midomo. "Aliambiwa akabebe risasi akajinyea! Akamwambia kamanda, msinipeleke, nina jasusi nyumbani! Jasusi yuko wapi? Akamtafuta, hakumpata, akamtoa rafiki yake! Mtu aliyembeba mgongoni kutoka Nassa! Aliniuza mimi ili alale nyumbani!"

Walicheka. Walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini. Kila neno lililotoka lilikuwa kweli, na kila neno lilidakwa kwa kicheko. Luhende akaona midomo imefunguka pande zote nne za shimo, meno na anga, na akahisi hasira ikimpanda mpaka macho yakaingia giza.

"Sitanii!" akapiga kelele, na sauti ikampasuka. "Sitanii, jamani! Nasema kweli!"

Loo! Hilo ndilo lililowamaliza kabisa, maana kila mtani husema hivyo.

Chenge akaja ukingoni, akijifuta machozi chini ya miwani. "Babu, tumekusikia. Tunakukomboa na nini?" Mtu akaleta kuku amefungwa miguu. Mwingine noti. Mwingine akatupa chupa ya soda.

"Sitaki kuku. Nataka mama yako." Kicheko kingine, kikubwa. "Namtaka aje hapa, aseme maneno matatu: Luhende hakuwa jasusi. Asiposema, mnizike mimi na huyu pamoja."

Odeta akaja. Wanawake wawili walimshika mikono, akaiondoa. Akasimama ukingoni, vidole vya miguu karibu na udongo unaomomonyoka, na hakuyumba. Watu wakanyamaza kuona mjane atajibuje.

Luhende alimtazama kutoka chini. Hakuwahi kumtazama hivyo, yeye siku zote alikuwa wa juu. "Dada," akasema, polepole, asisikie mwingine. "Sema tu. Kwa ajili ya binti yangu."

Odeta akafungua mdomo. Machozi yalikuwa yamemjaa, na yalikuwa ya kweli, hilo sitamnyima. Akavuta pumzi. Halafu macho yake yakaondoka kwa Luhende, yakaenda kwa Chenge na tai yake, kwa wajukuu, kwa katekista, kwa wazee wa Igogo waliokuwa wamemheshimu miaka yote. Na yaliporudi yalikuwa makavu.

Akashika kiuno. Akatupa kanga begani.

"Haya jamani, nasema! Luhende hakuwa jasusi!" Sauti ikapanda, ikachangamka, ikawa ile ya uwanjani zamani. "Jasusi gani huyu, hata kuku wa Msukuma alishindwa kumhesabu? Toka humo, Mnyamwezi we! Mume wangu ana usingizi, unamkalia kitanda chake!"

Vigelegele vikapaa. Wakampigia makofi mjane, mjane shujaa, anayeweza kutania siku ya kumzika mumewe. Chenge akamkumbatia mama yake. Na Luhende akabaki amesimama shimoni, amelipwa. Alitaja bei mwenyewe, mbele ya watu wote, na bei imetolewa neno kwa neno. Mtani akishakombolewa hutoka, wala hana dai tena.

Wakamnyooshea mikono ya kumvuta. Hakuishika. Alipanda mwenyewe, kwa goti na kwa bega zima, udongo ukimwingia viatuni, na alipofika juu Odeta alikuwa ameshageuka kurudi kwenye kiti chake cha plastiki. Wakamshusha Ndalahwa. Luhende hakutupa udongo.

Alipewa koti lake, akapewa na yule kuku, akataka kumkataa, wakamsokomezea kwapani. Gladness alimfuata barabarani akampangusa mgongo. Hapo mzee mmoja wa Igogo, mwenye kofia ya chama na fimbo, akawakimbilia akihema, machozi ya kicheko bado shavuni. Akamshika Luhende mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Umetuondolea majonzi, kaka. Sijacheka hivi tangu sarakasi ile! Uje Igogo ututembelee, unasikia? Karibu sana, jasusi wetu."

Luhende akauvuta mkono wake.

"Baba yangu hakuwa jasusi," Gladness akasema. Alisema taratibu, akimtazama yule mzee machoni, bila tabasamu lolote.

Mzee alimtazama, akamtazama baba yake, kisha akacheka mpaka akaegemea fimbo.

"Heee! Kumbe na binti naye ni mtani!"

Luhende akamhamisha kuku kwapa la pili, akamshika mwanawe mkono, wakaenda zao kituoni.